Dar na Unguja ni Dakika 20 kwa Ndege, Lakini Harusi Haipangwi kwa Dakika 20



Kuna maneno tunayasikia dukani karibu kila wiki. "Si dakika 20 tu, dada? Nitakuja asubuhi kwa ndege, nichukue gauni langu, Adhuhuri niko nyumbani napikwa singo." Anayesema yuko Unguja, kwenye simu. Sisi tuko Kariakoo, uchochoro wa nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, tuna cherehani nne, meza moja ya kukatia, na oda za harusi ambazo nyingi zinavuka maji.

Maneno hayo si uongo. Ndege kweli inaruka dakika 20 hivi. Lakini dakika hizo 20 zimewaharibia watu shughuli zao, na mmoja tulimharibia sisi wenyewe, kwa mikono yetu na kwa mdomo wetu. Ndiyo maana leo tunaandika. Rai yetu ni fupi: bibi harusi asipange jambo lake kwa muda wa ndege kuwa angani. Apange kwa safari nzima, kutoka mlango wa duka hadi mlango wa nyumba, pamoja na mzigo wake, nauli yake na sala zake.

Hesabu ya ndege na hesabu ya msafiri

Tuanze na kipimo chenyewe. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, kule Kipawa, hadi Uwanja wa Abeid Amani Karume, Kisauni, ni kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka, yaani maili 45. Viwanja viwili hivi vimekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Ndege ikishanyooka kutoka Dar inaelekea kaskazini, na Makka nayo iko kaskazini yetu, kwa hiyo abiria wa Unguja anasafiri akiwa ameelekea karibu kabisa na kibla. Tunapenda kuwaambia mabibi harusi jambo hili, kwa sababu wengi wanapanda wakiwa na hofu na linawatuliza moyo.

Ratiba za mashirika zinaandika dakika 20, nyingine hadi 30, kutegemea ukubwa wa ndege. Mpaka hapo hatuna ugomvi na mtu.

Sasa twende hesabu ya msafiri. Tuseme umetoka kwetu Msimbazi siku ya Alhamisi, saa tisa mchana, una gauni mkononi. Kwanza utoke Kariakoo yenyewe. Anayepajua anajua. Guta limepakia majora, kirikuu inashusha mzigo katikati ya njia, wamachinga wamepanga bidhaa mpaka ukingoni mwa lami, na mkokoteni mbele yenu haupishi mtu. Ikiwa ni siku ambayo Simba wameshinda, na klabu yao iko hapo hapo Mtaa wa Msimbazi, basi omba Mungu. Ukitoka hapo unashika Kamata, unaingia Barabara ya Nyerere, ile wazee wetu bado wanaiita Pugu Road, mpaka Tazara. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa mwaka 2018 lilitupunguzia mateso makubwa pale Tazara, tunashukuru. Lakini daraja linasaidia Tazara, halisaidii Kariakoo. Kilomita hazifiki hata 15. Alfajiri utatumia nusu saa. Jioni unaweza kutumia saa nzima na ushei.

Ukifika uwanjani, kampuni zinataka uwe umefika saa moja na nusu au mbili kabla. Unapanga foleni, unapima mzigo, unaonyesha kitambulisho, unakaa, unasubiri. Ndipo zinapokuja zile dakika 20. Ukishuka Kisauni unasubiri begi, unatafuta gari. Kama kwenu ni Mjini, ni dakika 20 nyingine. Kama kwenu ni Nungwi, ni kilomita 60 na kitu za barabara, zaidi ya saa moja. Hapo barabara ya ndani ya Unguja peke yake imekula muda mara tatu ya ule wa kuvuka bahari kwa ndege.

Jumlisha. Saa moja ya barabara, saa moja na nusu ya kusubiri, nusu saa ya ndege, dakika 40 za kushuka na kufika Mjini. Hiyo ni zaidi ya saa tatu na nusu, na hapo hakuna mvua, hakuna kuchelewa, hakuna aliyekosea.

Sasa pima na boti. Kutoka Msimbazi hadi bandarini ni kilomita 3 hivi. Ufike saa moja kabla, bahari ni kama saa mbili, na ukishuka uko Malindi, mlangoni mwa Mji Mkongwe. Nayo ni saa tatu na nusu, pengine pungufu. Ndiyo kusema, kwa mtu anayetoka Kariakoo kwenda Mjini, boti na ndege zinafika karibu sawa, ila nauli haziko sawa hata kidogo. Wengi tukiwaambia hivi wanadhani tunawatania. Tunawaambia washike saa wenyewe, wahesabu.

Tulivyomharibia mtu

Tunasimulia haya kwa sababu kosa lilikuwa letu, na mwenye kosa akilisema huenda wengine wakasalimika.

Miaka michache iliyopita tulichukua oda ya gauni la harusi la Ijumaa. Ndoa ilikuwa baada ya Alasiri, Unguja, na bibi harusi angetolewa mbele ya wageni baada tu ya hapo. Lesi ilichelewa kupatikana. Rangi aliyoitaka tuliikosa Mtaa wa Uhuru, tukaikosa Kongo, tukaja kuipata Jumanne kwa mfanyabiashara mmoja wa ghorofani. Mama wa bibi harusi alipiga simu siku hiyo hiyo, sauti inatetemeka: "Wanangu, mtawahi kweli?" Tukamjibu kwa wepesi kabisa: "Mama, wewe tulia. Kuja kwenu ni dakika 20."

Gauni lilimalizika Ijumaa saa mbili asubuhi. Mmoja wetu akaondoka nalo, na begi la shela, maua, viatu na sketi ya ndani ya neti. Tulimkatia tiketi ya ndege ndogo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na nafasi. Hatukufikiria mzani. Ndege ndogo nyingi zinaruhusu kilo 15 kwa abiria, na gauni lile lenye shanga na mkia mrefu lilikuwa peke yake kilo 9. Lilipowekwa pamoja na begi, uzito ukapita. Tulikuwa tayari kulipa, lakini ndege ilikuwa imejaa, na ndege ndogo hailipiwi ikabeba zaidi ya uwezo wake. Wakasema kifurushi kimoja kitafuata na ndege inayofuata. Mwenzetu, kwa kuchanganyikiwa, akaacha kile kikubwa. Mvua ikanyesha. Ndege inayofuata haikuondoka kwa wakati wake, na iliyofuata hiyo haikuwa na nafasi ya mzigo.

Gauni lilifika Kisauni baada ya Isha.

Ndoa ilikuwa imeshafungwa, alhamdulillah, maana ndoa haihitaji gauni. Inahitaji walii, mashahidi, ijabu na kabuli. Lakini yule binti alitolewa mbele ya wageni akiwa na abaya ya dada yake, imefungwa kwa pini mgongoni kwa sababu ilikuwa pana. Picha zake zote za siku ile ziko hivyo. Alikuwa ameshona miezi mitatu kwa pesa aliyodunduliza mwenyewe. Hakututukana. Mama yake ndiye aliyetupigia usiku, akauliza swali moja tu: "Wanangu, zile dakika 20 zenu zimekuwa saa ngapi?"

Tulimrudishia ufundi wote, tukaenda kumwomba radhi nyumbani. Alitusamehe. Lakini pesa ya ufundi hairudishi siku.

Tunavyofanya sasa

Tangu hapo dukani kwetu kuna utaratibu, na tunauandika hapa ili hata anayeshona kwa fundi mwingine audai.

Kwanza, gauni linavuka bahari siku saba kabla ya ndoa. Likichelewa kumalizika, tunasema mapema ili kama ni kuazima au kubadili, bibi harusi abadili akiwa na nafasi. Fundi anayekuambia atalimaliza asubuhi ya siku yenyewe kwa sababu ndege zipo, mwogope.

Pili, tunalipima gauni kwa mzani hapa hapa dukani, pamoja na mfuko wake, na tunamwandikia mteja kilo zake. Kabla ya kukata tiketi anauliza kampuni inaruhusu kilo ngapi na inachukua aina gani ya ndege. Kwenye ndege kubwa za pangaboi kilo huwa nyingi zaidi, kwenye ndogo ni chache na hazina mjadala.

Tatu, gauni halichanganywi na mzigo mwingine. Majora ya khanga, vyombo, mashuka, zawadi za mawifi, hivyo vyote vinatangulia kwa boti. Siku ya safari bibi harusi au mtu wake anabeba kitu kimoja tu, ambacho hakiachi mkononi.

Nne, anayekuja kujaribu gauni kwa mara ya mwisho asije akarudi siku ile ile. Alale. Tukikuta kiuno kinabana au mkono umekuwa mfupi, tunahitaji jioni moja ya kurekebisha. Anayetazama saa ya ndege kila dakika anatuambia "liko sawa tu" hata kama haliko sawa, na anakuja kulijua kosa mbele ya wageni.

Sala na umbali

Hili la sala tunaulizwa sana na wasafiri wetu, nasi si maulamaa, kwa hiyo tunasema tulichofundishwa na tunawaachia wenye elimu. Dada anauliza: "Kwa kuwa ni dakika 20, si safari ile, basi sikasiri?" Mwingine anauliza kinyume chake: "Nimepanda ndege, nimekuwa msafiri, nakasiri?"

Ustadhi tuliyemuuliza alitusahihisha wote wawili. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinachotazamwa ni umbali, hakitazamwi kipando wala mwendo wake. Imamu Nawawi katika Minhaj ameshaeleza, karne nyingi kabla ya ndege, kwamba bahari ni kama nchi kavu, na mtu akizikata maili za safari baharini kwa saa moja tu, ruhusa yake ya kukasiri iko pale pale. Kwa hiyo haraka haimwondolei mtu usafiri, na ndege peke yake haimpi.

Basi umbali ni upi? Ni marhala mbili, ambazo wanazuoni wa sasa wanazikadiria kuanzia kilomita 80 na kitu hadi karibu 90. Viwanja vyetu viwili vimepishana kilomita 73 kwa mstari ulionyooka, pungufu ya makadirio hayo. Lakini umbali unahesabiwa kwa njia unayopita, na si kila mtu anaishia Kisauni. Kuna anayeendelea mpaka Nungwi au Makunduchi, na kuna aliyeanzia mbali zaidi ya Dar. Muulize shekhe wako kuhusu safari yako wewe, mtajie unapotoka na unapokwenda. Suala la mwanamke kusafiri bila maharimu nalo ni hivyo hivyo, lina maneno ya wanazuoni na si letu kuhukumu. Sisi tunapenda bibi harusi aje na mama, shangazi au kaka yake, na hata gauni linabebwa vizuri zaidi wakiwa wawili.

Jambo moja tunalisema bila wasiwasi: usiondoke Msimbazi Alasiri imeshaingia ukasema utaisali uwanjani. Foleni ya Barabara ya Nyerere imewakosesha watu sala wakiwa wamekaa kwenye kiti cha teksi. Misikiti Kariakoo haiko mbali popote ulipo. Sali kwanza, ndipo ubebe gauni.

"Ni hapo tu"

Sasa tuseme lililotufanya tuandike zaidi ya yote, kwa sababu gauni ni la siku moja.

Wateja wetu wengi wanaolewa upande wa pili wa maji. Binti wa Mkunazini anaolewa Ilala, binti wa Magomeni anaolewa Mwanakwerekwe. Siku ya posa wazazi wakisita kidogo, kuna mtu lazima atasema: "Dar ni hapo tu, dakika 20." Kila mtu anacheka, mambo yanaendelea. Baada ya ndoa binti anagundua kwamba ile hapo tu ina nauli ya kwenda na kurudi, ina mtoto mchanga, ina ruhusa ya mume, ina siku mbili za kazi zilizopotea. Tuna mteja aliyetushonea gauni la harusi, akarudi mwaka wa pili kushona nguo za akika, na kati ya hapo alikuwa hajamwona mama yake hata mara moja. Mama yuko Unguja, kilomita 73. Alilia juu ya meza yetu ya kukatia, tukaacha kazi tukakaa naye.

Mumewe si mtu mbaya. Hakuna aliyekataa asiende. Hakuna tu aliyepanga, kwa kuwa wote waliamini ni karibu, na kitu cha karibu kila siku kinaahirishwa hadi kesho.

Kwa hiyo, bibi harusi, kabla ya ndoa zungumzeni. Kwa heshima, kwa utulivu, walii wako akiwepo. Nitakwenda kwetu mara ngapi kwa mwaka? Nauli ataitoa nani? Mama akiugua ghafla naondokaje? Ramadhani na Idi tutakuwa wapi? Haya si maswali ya mtu asiyemwamini mume. Kuunga udugu ni amri, na amri inahitaji nauli.

Hatuipigi vita ndege

Tusieleweke vibaya. Ndege ni neema. Mtu amepata msiba asubuhi na anataka kuwahi maziko, ndege inamfikisha. Mgonjwa asiyeweza kukaa saa mbili baharini, mjamzito ambaye mawimbi ya kusi yanamtapisha, hao waende kwa ndege na wasihesabu shilingi wakiwa nazo. Na wapo ambao bahari hawaiwezi tena. Septemba 2011 tulipoteza watu wetu kwenye MV Spice Islander njia ya Pemba, na Julai 2012 MV Skagit ikazama ikitoka Dar kwenda Unguja. Allah awarehemu. Aliyempoteza mtu wake kule hatumwambii habari za boti kuwa rahisi.

Tunachosema ni kwamba dakika 20 ni za rubani. Wewe una zako, na zako ni nyingi zaidi. Ukizihesabu zote tangu mwanzo utafika na gauni lako, na sala yako, na mama yako atakuona mara nyingi kuliko kwenye simu.

Yule mama aliyetuuliza swali usiku ule bado tunamkumbuka. Mwaka jana alituletea binti yake wa pili. Gauni lake lilivuka kwa boti, siku tisa kabla ya ndoa. Alipolipokea alitutumia ujumbe: "Limefika. Sasa naweza kulala."

Tunawaombea mabibi harusi wetu wote ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma, na safari za salama, za karibu na za mbali. Amin.

Wassalaam aleikum.